Samaki wa Dirishani

Mwanangu Mwangi, ipo Ijumaa moja ya kiangazi hapa Jeddah ambayo kila ikinijia, mikono yangu inakwama palepale ilipo. Ikinikuta naosha vyombo, nasimama na sahani mkononi mpaka madam aniulize kama naumwa. Wiki jana ulipotoka Riyadh kuja kuniona, ukaketi hapa uani na kunionyesha simu yako, Ijumaa ile ilinijia tena. Uliona nimenyamaza ukadhani nimechoka na kazi. Sikuwa nimechoka.

Ulinionyesha ziwa letu la mlimani kule Kenya. Wewe mwenyewe umesimama ndani ya maji hadi magotini, umeshika samaki, trauti mkubwa, kwa mikono miwili, meno yote nje. Ukaniambia likizo hii utapanda na ile kamera inayoruka, ulipige ziwa lote kutoka juu, uliweke mtandaoni dunia ilione. Nikakuuliza, na watu je? Ukacheka. "Mum, usijali bwana. Sitataja jina la mahali."

Maneno hayo hayo. Haki ya Mungu, hata sauti ni ileile. Niliyasikia kwa baba yako kabla hujazaliwa, na niliona yalichozaa. Sasa hebu nisikilize mpaka mwisho, usinikate, kwa sababu mimi si mtu wa kurudiarudia mambo na hili sijawahi kumwambia mtu.

Nilikuja Jeddah nikiwa msichana mbichi, nikapelekwa nyumba moja ya Ruwais, si mbali na bahari. Jina la Wairimu likawashinda, wakaniita Mariam. Baba yako, Kamau, alikuwa dereva wa nyumba hiyo hiyo, naye wakamwita Kamal. Hatukubishana nao, tulikuja kutafuta riziki, hatukuja kufundisha watu majina. Kafili wetu, tajiri aliyetuleta kwa karatasi zake, alikuwa mfanyabiashara asiyekaa nyumbani, kwa hiyo tuliowatumikia hasa ni wazazi wake, Ami Hamza na mkewe, Hajja.

Ami Hamza alikuwa mvuvi tangu utoto, enzi hizo Ruwais ikiwa ya wavuvi kweli. Nilipomkuta mimi, mashua ilishauzwa, macho yalishaingia ukungu, na wenzake wengi walishazikwa. Kilichombakia ni Ijumaa. Baada ya sala Kamau anatoa gari, Ami anakaa mbele, mimi na Hajja tunakaa nyuma na mkeka, birika la kahawa, jiko dogo la gesi na sufuria ya wali. Tunakwenda kaskazini mpaka lami inaisha, halafu tunaendelea kwenye mchanga, na Ami anamwelekeza Kamau kwa mkono, yamini, shimali, kulia, kushoto, ingawa haoni vizuri. Hakukosea hata mara moja.

Huko palikuwa na shimo. Mtu asiyejua angepita akidhani ni dimbwi tu kwenye mwamba wa matumbawe. Lakini lilikuwa refu kwenda chini, maji yake meusi, na ndani mlikaa najili. Unawajua najili, wale samaki wekundu wenye vidoadoa vya buluu, jamii ya chewa, ambao watu wa Jeddah wakiwaona sokoni hawaulizi bei. Wa shimo lile walikuwa wakubwa kupita kiasi. Kuna mmoja alikuwa akipanda juu polepole, anatutazama, anarudi chini, na Hajja akimwona anamsalimia kabisa, "Marhaba ya Sheikh," kama anamsalimia jirani.

Ngoja nikueleze kuhusu maji ya huku, maana ndiyo kiini cha hadithi. Bahari ya hapa haipandi na kushuka kila siku kama ya Mombasa. Wakati wa baridi hujaa, ikafunika mwamba wote, na samaki wakaingia shimoni na kutoka wapendavyo. Kiangazi hushuka. Mwamba unabaki mkavu pande zote, na aliyemo shimoni amefungiwa humo mpaka bahari irudi. Hana pa kukimbilia. Kwa hiyo wazee wa Ruwais walikuwa na desturi yao: kiangazi hakuna kutia ndoano mle. Unakwenda kupunga upepo, unakunywa kahawa, unawatazama, unarudi nyumbani. Wakati wa baridi kila mtu alichukua ndoano moja tu, na akishapata samaki mmoja anaikata kutoka kwenye mshipi, anaitia mfukoni, basi. Na samaki huyo hauzwi. Anapelekwa kwenye nyumba yenye msiba, au yenye mzazi, au analiwa na wewe na watu wako. Ami Hamza alituambia wakubwa wale ndio madume. Najili wote huanza wakiwa majike, na anayekua sana ndiye hugeuka dume. "Ukiwamaliza wakubwa, umemaliza ukoo," alisema. Mimi nilidhani ni stori za wazee. Baadaye sana nikasikia wataalamu wakisema vilevile.

Sasa baba yako. Baba yako alikuwa ananitaka, na mimi nilikuwa namtaka, lakini babu yako, baba yangu mimi, alikuwa amekataa katakata. Unamkumbuka guka wako, mdomo wake. Alisema binti yake hataolewa na mtu wa kuendesha wanawake wa Kiarabu sokoni. Guka alikuwa askari wa samaki kule mlimani, na duniani humu hakuheshimu mtu asiyejua samaki. Basi Kamau akapata wazo. Akanunua kamera Balad, kwenye masoko ya mji mkongwe, na Ijumaa moja ya baridi akamwomba Ami Hamza amruhusu apige picha na samaki, aipeleke Kenya kwa mkwe.

Ami hakupenda. Alizungusha kikombe chake mkononi. Kisha Hajja akasema, "Mzee, ni mambo ya ndoa hayo," na mzee akalainika. Mwenyewe ndiye aliyempa Kamau mshipi na ndoano. Kamau akamtoa najili wa kutisha, si yule Sheikh, lakini mkubwa vilevile, akamnyanyua kifuani kwa mikono miwili. Ami akachukua kamera. Akasema, "Simama pale, upe kisogo mchanga, nyuma yako pasionekane kitu. Na picha hii iende kwenu tu, ya Kamal. Haina kazi hapa."

Kamau akasema, "Naam, Ami," na Ami akabonyeza.

Tatizo ni macho yale. Mzee hakuona kwamba pembeni ya picha imeingia meli. Kulikuwa na meli mbovu ya chuma iliyokwama kwenye mwamba miaka mingi, imeliwa na kutu, mlingoti wake umelala upande mmoja. Mvuvi yeyote wa Jeddah alikuwa anaijua.

Kamau akapeleka filamu Balad, kwa mpiga picha Myemeni aliyekuwa na kistudio kidogo chini ya nyumba moja ya mawe, kwenye njia ya kuelekea maduka ya vitambaa. Yule bwana alipoisafisha picha akaduwaa. Akamwambia Kamau, nitakukuzia kubwa, na fremu ya dhahabu juu yake, bure kabisa, ila uniruhusu na mimi nitundike moja dirishani ivutie wateja. Na Kamau, kijana wa watu, aliyezoea kuitwa "dereva" na "wewe" kutwa kucha, akajiona dirishani Balad, ndani ya fremu ya dhahabu. Akakubali. Nani angekataa? Usimhukumu haraka, maana wewe unakubali mambo kwa sababu ndogo zaidi ya hiyo. Unapigiwa dole gumba na watu usiowajua, na unaona umefika.

Picha ya Kenya tukampa mwenzetu aliyekuwa anakwenda likizo. Nyingine ikakaa dirishani, na sisi Ijumaa zetu tukaendelea nazo, mzee hajui kitu.

Siku moja, jua limeshaanza kuwa kali la kiangazi, nikafuatana na Hajja kwenda Balad kununua kitambaa. Tulipokaribia kistudio kile nikaona watu wamesongamana. Wachukuzi, madereva, vijana wa maduka. Hajja akasimama. Akanishika mkono, "Mariam, yule si Kamal wetu?" Na kusema kweli, mwanangu, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Nilimwona mchumba wangu amesimama dirishani kama sultani. Halafu mwanamume mmoja mbele yetu akaweka kidole kwenye kioo, si kwenye samaki, pembeni kabisa, kwenye ule mlingoti uliolala. Akamwambia mwenzake, "Hii meli naijua. Baba aliwahi kunipitisha pale." Wakatazamana, wakaondoka haraka haraka.

Hajja hakununua kitambaa siku hiyo. Garini baba yako alituuliza mara mbili kama kuna mtu amefariki.

Jikoni nilimvaa. "Kamau, umefanya nini?" Akashangaa kweli, hakuwa anaigiza. "Nimefanya nini? Sikumtajia mtu jina. Wameniuliza mpaka wamechoka, nimewaambia mafi, hakuna, sijui." Alikuwa anajisifu kwa kunyamaza kwake! Huku picha yenyewe inapiga kelele kutwa nzima sokoni. Siku ya pili yake akaenda kuitoa. Myemeni akamrudishia bila maneno, hata akamwomba radhi. Lakini unairudishaje kwenye macho ya watu waliokwisha kuiona?

Na nikwambie habari inavyotembea nchi hii. Matajiri hawaambiani. Wanaoambiana ni madereva, wakiwasubiri mabosi nje ya mageti. Dereva mmoja anamwambia mwenzake, na kila mmoja anapeleka kwa bosi wake kama zawadi, apate kusifiwa. Ikafika mpaka Riyadh. Mtu anaacha jangwa kule, anaendesha siku nzima kuja kuona shimo la bahari. Huyo aliyekuja kutoka mbali namna hiyo, unadhani ataridhika na kupunga upepo na kunywa kahawa?

Tukaenda Ijumaa iliyofuata tukakuta magari. Ami aliyasikia kabla hayajaonekana, akamwambia Kamau, "Kuna nini huko?" Kamau akapunguza mwendo. Wametandaza mikeka, redio zinalia, watu wamezunguka shimo na mishipi isiyo na idadi. Kiangazi, mwanangu! Maji yako chini, mwamba mkavu, samaki wamefungiwa. Walikuwa wakitolewa mmoja baada ya mwingine, wakubwa wale, wakitandazwa kwenye mwamba wa moto wapigwe picha. Ndiyo, picha. Kila mtu alitaka ya kwake kama ile ya dirishani. Hata samaki wenyewe hawakuwataka. Wengine waliachwa palepale wakioza, maana masanduku ya barafu yalijaa.

Ami aliwaambia. Alisimama na fimbo yake akawaeleza kwa upole habari ya kiangazi, ya ndoano moja, ya wakubwa. Kijana mmoja akamjibu, "Bahari ni ya Mungu, mzee." Wengine wakacheka. Nilitamani kumzaba kibao mtoto yule, na ningekuwa kwetu ningemzaba.

Ijumaa iliyofuata, ile niliyokwambia inanikwamisha mikono, ndiyo hiyo. Hapakuwa na magari. Baba yako akafurahi kidogo, akasema labda wamechoka. Tukashuka. Harufu ndiyo ilitupokea, harufu ya kufulia nguo nyeupe. Ilinichukua muda kuelewa harufu ile inafanya nini baharini. Walipoona ndoano hazipati kitu tena, wakajua waliobaki wamejificha kwenye mapango chini, basi wakamimina dawa ya kufulia humo shimoni, watoke wenyewe. Wakatoka. Kila kilichokuwa hai kilitoka. Samaki wadogo wadogo, wasiofika hata kidole, walikuwa wametanda juu ya maji, weupe. Kaa, pweza, vyote. Matumbawe ya ukingoni yameanza kubadilika rangi. Sheikh wa Hajja hakuonekana, wala sitaki kujua aliishia sufuria ya nani. Hajja akakaa chini mchangani akalia kwa sauti, na mimi nikalia naye.

Ami hakuona vizuri yaliyokuwa majini, lakini alinusa. Aliinama, akachovya vidole, akavinusa, akaviosha kwa maji yetu ya kunywa. Tulisubiri alipuke. Kamau alijua kwamba neno moja tu kwa kafili na ikama yake, kibali chake cha kukaa nchini, imekwisha. Mzee akasema taratibu, "Ya Kamal, lete kamera."

Kamera ilikuwa garini siku zote. Kamau akaileta, akadhani itavunjwa. Mzee akaenda akasimama ukingoni, palepale alipokuwa amesimama Kamau siku ile. Akanyoosha mikono miwili mbele ya kifua, viganja juu, akaipanua upana wa najili mkubwa. Haina kitu. Akasema, "Piga."

Baba yako akaanza kulia. "Ami, nisamehe."

"Piga. Na hii nayo kaipeleke dirishani."

Kamau hakuweza. Mzee akaendelea kusimama juani, mikono imenyooshwa, na hakuishusha. Hajja akamwita, hakugeuka. Tulisimama wote pale, jua la Jeddah la kiangazi unalijua, mpaka baba yako akainua kamera na kubonyeza. Ndipo mzee akashusha mikono. "Halas," akasema, akatembea peke yake kwenda garini akipapasa kwa fimbo.

Hakumshtaki Kamau kwa kafili. Hakumgombeza tena. Aliendelea kumwita Kamal, kumuulizia hali ya mama yake, kumwachia kipande kizuri cha nyama kwenye sinia. Ila hatukwenda tena kaskazini. Ijumaa baada ya sala mzee alikaa sebuleni akitazama ukuta, na bahari haikuwa imerudi kwenye mwamba ule alipofariki. Madaktari walisema moyo. Mimi sina elimu ya kubishana nao. Najua tu kwamba alikuwa na kitu kimoja alichokingojea kila wiki, na kikaondolewa.

Na guka wako? Siku hizo tulipiga simu kwenye vibanda vya Balad, unapanga foleni na Wafilipino na Wahabeshi, guka naye anangojea kule Kenya kwenye duka la simu kwenye kituo cha biashara. Nikatarajia atasifia picha. Akaniuliza, "Huko nani mwingine ameiona?" Nikamweleza kuhusu dirisha, wakati huo magari hayajaanza kwenda.  Halafu akasema, "Basi, binti yangu, hilo shimo limekwisha." Alijua akiwa Kenya, juu ya mlima, kabla sisi tulio kando ya bahari hatujajua. Lakini ndoa aliikubali, miaka miwili baadaye, Kamau alipokwenda akamweleza yote bila kujitetea. Guka alisema sasa kijana huyu amejua samaki.

Cucu wako, mama yangu, ndiye aliyeitundika ile picha kubwa sebuleni, alikuwa anaona fahari. Umekua chini yake. Ulikuwa unapanda kochi kugusa samaki kwa kidole. Najua hapo ndipo ulipoanza kupenda samaki wakubwa, na sikulaumu. Ila je, uliwahi kumwona baba yako akiitazama? Kumbuka alikuwa anakaa kiti kipi. Siku zote alikaa kile cha chini ya picha, kisogo chake ukutani, mpaka Mungu alipomchukua.

Sasa njoo kwenye ziwa letu. Mtu wa mkono mzuri anarusha jiwe likavuka ng'ambo. Ziwa lenyewe halina mto wa maana unaotoka wala kuingia. Trauti hawakuumbiwa humo. Waliletwa na wazungu, na baadaye guka wako na wenzake walipanda na vifaranga kwenye mikebe ya maziwa migongoni, wakisimama kila baada ya mwendo kuwatia hewa kwa kukoroga maji kwa mkono. Baridi ya kule inawachelewesha kukua. Yule uliyemshika kwenye simu huenda ana umri wa kijana wa sekondari. Wako wachache, na mwaka mzima hawana pa kwenda. Lile ni shimo la kiangazi, Mwangi, na kiangazi chake hakiishi.

Uliniambia watu hulinda kile wanachokijua. Labda. Msitu mzima, mbuga yenye mageti na askari, sawa, waonyeshe. Lakini maji madogo yenye samaki wachache wakubwa hayana nguvu ya kubeba watu wengi, hata wakiwa wema wote. Na hawatakuwa wema wote. Anatosha mmoja mwenye wavu.

Na usiniambie hujaiweka mtandaoni bado. Jana binti Mkenya anayefanya kazi nyumba ya pili alinijia mbio na simu, "Mama Mwangi, huyu si Mwangi wako?" Ulikuwa wewe, majini, meno nje. Umewatumia wenzako mnaokaa nao Al-Naseem huko Riyadh tu, eh? Wenzako wana wenzao. Na nyuma yako, mwanangu, unaonekana ule mwamba uliopasuka juu, vizuri kabisa, na chini yake mtu ameshaandika: "Napajua hapo." Nilimwomba yule binti aisome mara ya pili, nikidhani sikusikia vizuri. Nikaona kile kidole kwenye kioo cha Balad.

Kwa hiyo mimi sikuombi tena usianze. Umeshaanza. Nakwambia cha kufanya. Ifute leo, uwapigie mmoja mmoja uliowatumia, uwaombe wafute, hata wakikucheka. Mpigie mjomba wako anayelilinda ziwa sasa, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe nini kinakuja, asikipate kama Ami alivyokipata. Ile kamera inayoruka iache Riyadh. Likizo yako yote kaa kule juu na mjomba, na atakayekuja na wavu akukute wewe. Wewe mwenyewe ukimpata samaki mkubwa, lowesha mikono, mtoe ndoano, mrudishe kabla hajachoka. Na ukiwa na mtu unayempenda unayetaka alione ziwa, mshike mkono umpandishe kwa miguu yake. Siyo dunia. Mtu mmoja, unayejua atanyamaza.

Lakini kabla ya kupanda mlima, pita nyumbani. Itoe ile fremu ya dhahabu ukutani, uigeuze, ufungue vile vimisumari vya nyuma. Baba yako alizipanga picha mbili mgongo kwa mgongo kwa mkono wake, na hakuna aliyeiona ya pili ila mimi na yeye. Utamkuta mzee amesimama juani, mikono ameinyoosha, haina kitu. Itundike hiyo sasa, upande ule wa kwanza ugeukie ukuta.

Mungu wa baba yako na wa Ami Hamza akupe macho ya kuona kizuri na kinywa cha kukinyamazia. Akufikishe mlimani salama, na akukutanishe na maji yale yakiwa bado na kitu ndani. Na siku utakapokuwa mzee, mtoto wako akikuambia unyooshe mikono umwonyeshe ukubwa wa samaki wa zamani, Mungu akujalie uweze kumwambia, twende ukamwone.